Kinyonga wa Pembe Tatu na Chumba cha Kupanga



Mwaka 2015 jarida la kisayansi la PLOS ONE lilichapisha utafiti uliowauliza watu wanaofuga reptilia majumbani swali ambalo wengi wangependa kulikwepa: kati ya wanyama mliowachukua, wangapi walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja mikononi mwenu? Kwa kuwa hakuna anayependa kuonekana mzembe, watafiti walitumia mbinu inayomwezesha mtu kusema kweli bila jibu lake binafsi kujulikana. Kwa jumla, nyoka, kobe na mijusi waliokufa ndani ya mwaka huo wa kwanza walikuwa asilimia 3.6. Chatu na jamaa zake walikuwa asilimia 1.9 tu. Vinyonga walikuwa asilimia 28.2. Zaidi ya mmoja katika kila wanne alikufa kabla mwaka haujaisha, tena mikononi mwa watu waliomchukua kwa hiari yao na kwa kumpenda. Takwimu hiyo ndiyo msingi wa mhadhara huu. Hoja yangu ni kwamba gharama ya kinyonga haiko katika pesa anazopewa muuzaji. Iko katika kazi ya kumtengenezea upya, ndani ya nyumba ya mtu, hewa, maji, mwanga na baridi ya mahali alikotoka. Kadiri aina yake ilivyo adimu, ndivyo kazi hiyo inavyozidi kuwa ngumu, na sisi wa Eastlands jijini Nairobi, tunaoishi Kayole, Umoja, Dandora na Donholm tuna njia ya kuishi na mnyama huyu iliyo rahisi na ya haki zaidi kuliko kizimba.

Tuanze na uadimu wenyewe, maana ndio unaowavutia watu na ndio unaowaponza wanyama. Katika masoko ya dunia kuna vinyonga wawili waliozoeleka. Mmoja ni kinyonga wa Yemeni, ambaye jike lake hutaga mayai kwa makumi na ambaye amezalishwa vizimbani vizazi kwa vizazi. Mwingine ni kinyonga chui wa Madagaska, mwenye rangi zinazotofautiana pwani hadi pwani. Kinyonga wetu wa pembe tatu, aliyepewa jina la Frederick Jackson na kuelezwa kisayansi mwaka 1896, anawafuata kwa karibu. Baada ya hao huja orodha ndefu ya wale ambao wafugaji wa ng'ambo huwaita adimu, na Mkenya akiisoma orodha hiyo atajikuta anasoma ramani ya milima ya nchi yake. Yuko kinyonga wa Höhnel, mwenye jina la mwanamaji wa Austria aliyefuatana na Count Teleki katika safari ya 1887 na 1888. Yuko kinyonga wa Marsabit, aliyeelezwa mwaka 1991. Yuko Trioceros ntunte wa Mlima Nyiro, aliyeelezwa mwaka 2005, na yule wa Kinangop, mwaka 2012. Wako wale wadogo wa vilima vya Taita, wanaobaki katika vipande vya msitu kama Ngangao na Mbololo. Karibu kila mmoja amefungwa na mlima mmoja au safu moja ya milima. Hakuzoea joto la bondeni wala vumbi la barabara, na mwili wake haukupata sababu ya kujifunza kuyastahimili. Uadimu huo sokoni una maana mbili zisizosemwa na muuzaji. Ya kwanza ni kwamba mnyama huyo hajazalishwa vizimbani kwa wingi, kwa hiyo yaelekea amechomolewa mtini akiwa na minyoo yake tumboni. Ya pili ni kwamba wanaojua kumtunza ni wachache, na hata hao wangali wanajifunza kwa kupoteza.

Sasa tuangalie matunzo. Kinyonga kwa kawaida hanywi maji katika bakuli. Hulamba matone yaliyo juu ya majani, kama umande wa alfajiri au mvua inayodondoka, na ukimwekea sahani ya maji anaweza kukauka huku ameikalia. Kwa hiyo lazima majani ya kizimba yanyunyiziwe mara kadhaa kwa siku, kisha yaachwe yakauke vizuri, kwa sababu unyevu usiokatika pamoja na hewa iliyotuama humletea ugonjwa wa mapafu. Kizimba chenyewe kinatakiwa kiwe cha wavu, kirefu kwenda juu, chenye mmea hai ndani. Maji yanayohitajika si mengi, tuseme ukweli. Tatizo ni kwamba yanahitajika kila siku, asubuhi na jioni, hata siku ambazo mfereji umekauka kwa ratiba ya mgao na mama wa nyumba anahesabu mitungi iliyobaki jikoni. Mnyama asiyeweza kungoja hadi Alhamisi maji yarudi ni mzigo wa aina yake katika nyumba ambayo watu wenyewe wamezoea kungoja.

Mwanga ni gharama nyingine, na hapa hesabu inaweza kufanywa na yeyote anayenunua tokeni. Kinyonga anahitaji miale ya urujuanimno ili ngozi yake itengeneze vitamini D, na bila vitamini hiyo mwili hauwezi kutumia kalsiamu. Mifupa hulegea, taya hupinda, miguu hushindwa kushika tawi, na ulimi unaopaswa kuruka na kunasa panzi hubaki ukining'inia. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia miale hiyo karibu yote, hivyo kumweka dirishani hakusaidii. Taa maalumu ya miale hiyo hupoteza nguvu yake polepole hata kama bado inawaka, na wafugaji makini huibadilisha kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili. Tuiache hiyo, tuhesabu balbu ya joto peke yake. Balbu ya wati 100 ikiwashwa saa 10 kwa siku hula uniti moja. Kwa mwezi ni uniti 30. Tangu Aprili 2023, uniti 30 kwa mwezi ndicho kikomo cha nyumba inayotozwa ile bei nafuu ya stima iliyowekwa kwa ajili ya watu wa kipato kidogo. Kwa hiyo balbu moja ya kinyonga inakula mgao mzima ambao serikali iliukadiria kwa familia inayowasha taa, redio na kuchaji simu, na familia hiyo inasukumwa kwenye bei ya juu kwa ajili ya mjusi mmoja.

Najua jibu litakalotoka mbele yangu hapa, nalo ni jibu zito. Mtu atasema: hayo ni matatizo ya watu wa London na Chicago, ambako jua ni la kuomba; sisi tuko kwenye ikweta, mita 1,600 na zaidi juu ya bahari, na kinyonga wa pembe tatu ni mwenyeji wa Nairobi hii hii. Kizimba kikiwekwa nje, jua ni la bure, na baridi ya Julai usiku ndiyo baridi anayoipenda. Ni kweli. Kama hoja ingekuwa ya hali ya hewa ya jiji peke yake, ningenyamaza. Lakini hali ya hewa ya jiji sio hali ya hewa ya chumba. Katika ploti za Pipeline na Umoja Innercore, ambako ghorofa zimejengwa zikikaribia kugusana, kuna vyumba vya chini ambavyo taa huwaka saa sita mchana. Roshani ya ghorofa ya sita nayo inapigwa na jua la saa chache kwa ukali wote, ukuta wa saruji unashika joto, mabati ya jirani yanarudisha mng'ao. Kinyonga wa pembe tatu huanza kutaabika joto likipita nyuzi 30. Kichakani angeshuka hatua mbili na kuingia kivulini. Kizimbani hana pa kushukia. Jua la bure linamfaa mnyama mwenye uwezo wa kulikimbia, na uwezo huo ndio wa kwanza anaonyang'anywa anapotiwa ndani. Halafu kumbukeni kwamba yule wa pembe tatu ndiye mstahimilivu. Wale adimu wa milimani, waliozoea ukungu na usiku wa baridi kali, hata roshani bora kuliko zote Buruburu haiwatoshi.

Chakula kinaonekana rahisi kwa sababu Eastlands haikosi wadudu. Mende wapo, nzi wapo, panzi wapo kwenye nyasi za kando ya reli. Ila mende wa nyumba zetu wamepuliziwa dawa, na mdudu aliyekula sumu bila kufa anamfikishia kinyonga sumu hiyo tumboni. Wadudu wa karibu na jalala la Dandora, lililofunguliwa mwaka 1975 na likaonekana limejaa tangu 2001, hawafai kwa mnyama yeyote wa kutunzwa. Hata wadudu walio safi, wengi wao wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, kwa hiyo hulazimika kulishwa vizuri wao kwanza na kunyunyiziwa unga wa kalsiamu kabla ya kutolewa. Hapa nina habari njema kidogo. Elimu ya kufuga wadudu ipo nchini. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kule Kasarani kimefanya kazi kubwa juu ya wadudu wa chakula, Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo kimetafiti ufugaji wa nyenje, na mabuu ya nzi chuma, ambayo wafugaji wa kuku wa Nairobi wanayazalisha kwa taka za jikoni, yana kalsiamu nyingi kuliko wadudu wengi wengine. Mwenye bidii anaweza kufuga nyenje kwenye ndoo. Lakini aelewe kwamba sasa anafuga wanyama wawili, na yule wa pili anahitaji joto, chakula na usafi wake, huku akilia usiku kucha katika chumba ambamo watoto wanalala.

Lililo gumu zaidi, kwa maoni yangu, ni ugonjwa, kwa sababu kinyonga huficha maumivu. Watu hudhani rangi yake ni ya kujificha tu. Mwaka 2015 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha kwamba kinyonga chui hubadilika rangi kwa kutanua na kubana mpangilio wa fuwele ndogo mno zilizo katika seli za ngozi yake, na mabadiliko makubwa hutokea dume linapokabiliana na dume au linapomwona jike. Rangi ni lugha ya hali ya mwili na ya nafsi. Mnyama anayekaa mweusi siku nzima kizimbani anataabika, na anayefumba macho mchana au ambaye macho yake yamezama yuko hatarini, mara nyingi akiwa amechelewa kuokolewa. Anayekutana naye kila siku ndiye anayeweza kuziona dalili hizo mapema, na hata akiziona, ampeleke wapi? Madaktari wa mifugo tunao, na kitivo chao cha Kabete kinaheshimika, lakini wengi wanaohudumia mitaa yetu hutibu kuku, mbwa, mbuzi na ng'ombe. Daktari aliyezoea mgonjwa wa gramu chini ya mia mbili, anayeweza kupima kinyesi chake na kukadiria tone la dawa ya minyoo, ni wa kutafutwa. Tena mnyama huyu hataki mwenzake. Kuwaweka wawili pamoja ili wasikae wapweke, jambo ambalo kwa binadamu ni huruma, kwao ni mateso ya kila saa. Hata kioo kinachomwonyesha sura yake mwenyewe humtia hofu.

Kuna waliokwisha kunikatiza mahali hapa kwa hoja ya haki. Wanasema: Mjerumani ana kinyonga wa Mlima Kenya sebuleni kwake, Mmarekani anawazalisha na kuwauza, na kijana wa Kayole aliyezaliwa nchi moja na mnyama huyo anaambiwa akimgusa ni mhalifu. Uchungu huo nauelewa na siudharau. Historia inaupa nguvu. Mwaka 1972 mwenye duka la wanyama katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, aliagiza vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya. Walifika wamekonda na kukauka, akawaachia bustanini wapate nafuu. Wakapata nafuu, wakaenea. Leo wanaishi mwituni katika visiwa kadhaa vya huko, wanakula wadudu na konokono wa asili wasiopatikana kwingine, na sheria ya Hawaii inawahesabu kuwa viumbe waharibifu. Wengi wa wale waliouzwa Marekani kwa miaka mingi wana asili yao huko. Kenya haikupata chochote cha maana, na Hawaii ilipata hasara. Basi tuitazame biashara hiyo kama ilivyo. Januari 2021 maafisa wa forodha wa Austria walitangaza kukamata vinyonga 74 katika uwanja wa ndege wa Vienna, waliotolewa milima ya Usambara kule Tanzania na kupitishwa Ethiopia. Walikuwa wamefungwa ndani ya soksi na makopo ya aiskrimu. Thamani yao sokoni ilikadiriwa kufika yuro 37,000. Watatu walikufa, wengine wakapelekwa bustani ya wanyama ya Schönbrunn. Tanzania ilikuwa imepiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai tangu 2016. Haki ambayo kijana wa Kayole ananyimwa siyo haki ya kuwa na soksi yake katika mnyororo huo. Amenyimwa haki kubwa zaidi, ya kukua mahali ambapo kinyonga anaweza kuonekana mtini, na hiyo ndiyo ya kudaiwa.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi, kwa sababu iko wazi. Vinyonga wa jamii ya Chamaeleo, pamoja na wale waliogawanywa baadaye kutoka humo, wamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, tangu 1977. Sheria yetu ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inataka kibali kwa yeyote anayemiliki au kufanya biashara ya wanyamapori hai, na ingawa inaruhusu ufugaji wa aina fulani kwa leseni, leseni hiyo inaendana na ukaguzi na masharti ambayo mpangaji wa chumba kimoja hawezi kuyatimiza. Anayedhani mnyama mdogo hatamfikisha mahakamani akumbuke kesi ya sisimizi. Mei 2025 mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza watu wanne, Wabelgiji wawili, Mvietnam mmoja na Mkenya mmoja, faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au kifungo cha mwaka mmoja, kwa kupatikana, wote kwa jumla, na malkia wa sisimizi zaidi ya 5,000 waliokusudiwa soko la wafugaji wa ng'ambo. Ikiwa mdudu ana uzito huo mbele ya hakimu, kinyonga hana mdogo.

Imebaki hoja ninayoiheshimu kuliko zote, ya walimu na wazazi. Wanasema kwamba watoto wetu wanampiga kinyonga mawe kwa sababu wameambiwa ana sumu, au kwa sababu ya hadithi ile, inayosimuliwa kwa namna mbalimbali na Wakikuyu na Wakamba, kwamba yeye ndiye aliyechelewesha ujumbe wa uzima na kifo kikatushika. Wangemfuga, wasingemwogopa. Sina shaka kwamba kumjua mnyama kunaondoa hofu. Hana sumu, hana la kumdhuru mtu, na mtoto anapaswa kulijua hilo mapema. Ninachokataa ni kwamba kizimba ndicho shule. Kizimbani mtoto ataona mnyama aliyenyamaa, na kwa uwezekano ule wa asilimia 28.2 atamwona akifa. Kichakani somo ni jingine. Usiku kinyonga hulala kwenye ncha ya tawi na rangi yake hupauka, kiasi kwamba mwanga wa tochi ya simu humwonyesha waziwazi kati ya majani. Mwalimu wa sayansi mwenye ua wa miti nyuma ya darasa na tochi moja anaweza kuwafundisha wanafunzi kuhesabu, kuchora na kufuatilia mnyama yule yule kwa muhula mzima bila kumgusa. Wataona jike la pembe tatu likinenepa kwa mimba ya miezi mitano, sita au zaidi, maana hili halitagi, huzaa. Na wakibahatika wataona watoto wake wadogo kama kijiti cha kiberiti wametawanyika kwenye majani.

Lakini ua huo uko wapi? Hapa ndipo ninapoona aibu yetu sote. Mtaa wa Kaloleni ulijengwa miaka ya 1940 kwa mpango wa mji wa bustani, wenye viwanja vya wazi na miti kati ya nyumba. Buruburu ilipojengwa kuanzia miaka ya 1970 kila nyumba ilikuwa na kipande chake cha bustani. Michongoma ilikuwa ukuta wa masikini na wa tajiri. Tangu hapo tumeongeza vyumba hadi ukingoni mwa barabara, tumeng'oa michongoma na kuweka mawe, mabati na nyaya za wembe, tukamwaga saruji juu ya kila mita iliyobaki. Sababu zipo: usalama, kodi ya nyumba, duka la kumsaidia mama. Sizikejeli. Ila tusishangae kwamba mnyama asiyeweza kuvuka lami bila kukanyagwa na asiyeweza kupanda bati lenye moto ametoweka mitaani, kisha kijana anamtafuta kwa muuzaji. Futi ishirini za michongoma au mti wa maua zinampa kinyonga maji ya umande, jua na kivuli chake, wadudu wake na upweke anaoutaka, bila tokeni hata moja.

Kwa hiyo nawaomba mambo machache. Ukiuziwa kinyonga, usinunue, hata kwa huruma ya kumkomboa, maana pesa yako ndiyo itakayomtuma muuzaji akatafute mwingine. Ukiwa tayari unaye, usimwachie popote tu, kwa sababu aliyetoka Taita hapaswi kuishia Komarock. Pigia simu Shirika la Huduma kwa Wanyamapori au uliza Makumbusho ya Taifa. Wenye ploti na wakuu wa shule, mnapojenga ukuta mpya, acheni upande mmoja uwe wa miti hai, na msipulizie dawa upande huo. Mvua za masika huanza Machi, na miche ya ua iliyopandwa wakati huo haihitaji maji ya mtungi.